Nairobi hadi New York: Hesabu Saa Kabla ya Kilomita

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800 kwa njia fupi ya angani, ambayo hupita juu ya Sahara kisha kuvuka Atlantiki. Kenya Airways ilianza kusafirisha abiria moja kwa moja baina ya miji hiyo Oktoba 2018, na safari huchukua kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi, kwa kuwa upepo wa anga za juu huko kaskazini huvuma kutoka magharibi, ukiizuia ndege inapokwenda Marekani na kuisukuma inaporejea.

Kwa uzoefu wangu, kinachowachanganya wasafiri zaidi ya umbali ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Tiketi ikionyesha kuondoka 23:00 na kufika 06:00, mtu hudhani atakaa angani saa 7 tu, ilhali kila saa iliyoandikwa ni ya mji unaohusika. Tangu mwanzoni mwa Novemba hadi katikati ya Machi, New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Miezi mingine ni saa 7, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao nasi hatusogezi. Mimi hubadili kwanza saa ya kuondoka iwe ya New York: katika majira ya baridi, saa tano usiku ya Nairobi ni saa tisa alasiri kule, na kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 15 kamili.

Wakati wa kurudi, hesabu hii huwahusu hata wanaokuja kukupokea. Ukiondoka New York Jumatatu adhuhuri, utatua Nairobi Jumanne asubuhi. Basi watumie jamaa zako tarehe ya kufika, wasije uwanjani siku moja kabla.

Tiketi ya kuunganisha ndege mara nyingi huwa nafuu, lakini tazama inakupitisha wapi. Kupitia Amsterdam njia hufikia kilomita 12,500 hivi, ilhali kupitia Dubai hukaribia 14,600, maana unaanza kwa kuelekea kaskazini mashariki ndipo ugeuke. Hata hivyo kilomita hizo za ziada ni saa chache tu za kuruka. Kinachorefusha safari hasa ni kungoja uwanjani, na sioni faida ya punguzo dogo la bei linalomlaza mtu mwenye watoto kwenye viti vya chuma.

Kama mwisho wa safari yako si New York bali mji mwingine wa Marekani, acha nafasi ya angalau saa 3 kabla ya ndege inayofuata. Ukaguzi wa uhamiaji hufanyika kwenye kiwanja cha kwanza unachotua nchini humo, na kwa kawaida utatakiwa kuchukua mizigo yako hapo, kuipitisha forodhani na kuikabidhi upya, hata kama stika yake inaonyesha mji wa mwisho.