Unaanza na ESP32? Malizana na waya kwanza, Wi-Fi itafuata

Vijana wengi wa hapa Mwanza wanaoniuliza kuhusu ESP32, bodi ndogo ya kielektroniki unayoipakia programu na yenye Wi-Fi ndani yake, huja na wazo tayari: kupima joto la maji kwenye vizimba vya sato, au kujua tenki la mlimani limebaki na maji kiasi gani bila kupanda kuchungulia. Ni mawazo ya maana kabisa, na bodi hii inayaweza. Kinachowakwamisha ni haraka. Bodi imefika leo, jioni wanataka namba zionekane kwenye simu. Zisipoonekana, wanakesha wakibadilisha programu, kumbe ugonjwa uko kwenye umeme. Nawasihi wadogo zangu: msiguse Wi-Fi mpaka bodi itulie na sensa isome sawasawa kwa waya.

Kebo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Nyingi zinazouzwa barabarani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data ndani. Taa ya bodi itawaka vizuri lakini kompyuta haitaona chochote. Tumia ile ambayo umeshawahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu. Ikigoma bado, tazama chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB: ikiandikwa CP2102 au CH340, tafuta drayva ya jina hilo, yaani programu ya kuifanya kompyuta iitambue. Bodi nyingine hutaka ushikilie kitufe cha BOOT programu inapoanza kupakiwa. Na ukiona herufi zisizosomeka kwenye skrini, weka kasi ya mawasiliano ya 115200 kwenye kompyuta.

Sasa umeme, na hapa naomba utulie. ESP32 hufanya kazi kwa volti 3.3, na pini zake hazikutengenezwa kupokea volti 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04, ambayo wengi huifunga juu ya tenki, ikilishwa volti 5 hurudisha volti 5 hizohizo kwenye waya wa Echo, ule unaoleta jibu la kipimo. Pitisha waya huo kwenye rezista (kipande cha kuzuia mkondo) ya kilo-omu 1 kwenda kwenye pini, kisha toka kwenye pini hiyohiyo na rezista ya kilo-omu 2 kwenda graundi. Pini itapata takriban volti 3.3.

Redio ya Wi-Fi iliyo ndani ya bodi inapoamka huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla. Espressif, watengenezaji wenyewe, wanashauri chanzo cha umeme kiweze kutoa angalau miliampea 500. Betri iliyochoka au waya mwembamba mrefu hautoshi: volti zinashuka, bodi inajizima na kuwaka upya, inazunguka hivyohivyo. Ukisoma neno Brownout kwenye skrini, acha programu ilivyo, shughulikia umeme.

Sensa nayo ina lugha yake. DS18B20, ile ya joto iliyofungwa kwenye bomba dogo la chuma, inahitaji rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa volti 3.3. Ikikuletea nyuzi 85, usidhani ziwa linachemka. Hiyo ni namba inayokuwa nayo inapowashwa, kabla haijapima. Maktaba ya programu inayotumiwa na wengi kusoma sensa hii ikionyesha -127, maana yake sensa haionekani, kwa hiyo kagua viungo. Kwa sensa zinazotoa volti za kupanda na kushuka, tumia pini 32 hadi 39. Hizo ni za kundi la kwanza; kundi la pili la pini za kupimia volti halisomeki Wi-Fi ikiwa imewashwa, na jambo hili limesumbua watu wengi sana, kwa sababu kila kitu kilikuwa sawa mpaka dakika ile ya kuunganisha mtandao.

Namba zikishatulia, washa Wi-Fi. ESP32 ya kawaida husikia masafa ya GHz 2.4 tu, kwa hiyo hotspoti ya simu iliyowekwa GHz 5 haitaiona.

Ziwani mambo hubadilika. Masafa haya hayapenyi maji, hivyo sensa ndiyo izame, bodi na antena vikae juu ya mlingoti wa kizimba, mbali na vyuma. Mawe yetu haya makubwa nayo huzuia: ukiwa upande wa pili wa jabali, mita chache tu zinatosha kukunyima mawasiliano, ilhali juu ya maji mahali pa wazi yanafika mbali. Kizimba kikiwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni, hapo ndipo LoRa, redio ya kutuma data kidogo kwa umbali mrefu, inapofaa. Kabla ya kununua moduli, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masafa yanayoruhusiwa, maana za MHz 433 na za MHz 868 hazisikilizani. Na antena ifungwe kabla ya kuwasha umeme. Kurusha bila antena kunaweza kuua sehemu ya redio moja kwa moja.