Kompyuta ilipowaita madaktari: maswali kuhusu bonge la damu kwenye mapafu

SWALI: Daktari, shikamoo. Siku chache baada ya mume wangu kufanyiwa upasuaji wa goti, alishikwa ghafla na kichomi akawa anahema kwa shida. Hospitalini alipigwa picha ya CT ya kifua, na kabla hatujarudishwa chumbani madaktari kadhaa walikuwa wamekwisha kutufuata. Muuguzi alitueleza kwamba programu ya akili mnemba iliona bonge la damu na ndiyo iliyowaita. Namshukuru Mungu, anaendelea vizuri. Hata hivyo nauliza: je, ugonjwa na dawa viliamuliwa na mashine? Na kama ingenyamaza, ingekuwaje?
– Msomaji, Lowell, Massachusetts

JIBU: Marahaba, dada. Poleni sana, na tunafurahi pamoja nanyi kwamba mgonjwa anapata nafuu. Mashine haikuamua ugonjwa wala dawa. Ilichofanya ni kubadilisha foleni, na katika maradhi haya foleni ni jambo zito.

Bonge la damu aghalabu huanzia kwenye mishipa ya ndani ya mguu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani muda mrefu, kisha likang'oka, likapita moyoni na kuziba mshipa unaopeleka damu mapafuni. Ili kuliona, mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye madini joto ambayo huifanya mishipa ing'ae kwenye picha, na mahali palipoziba huonekana kama doa jeusi ndani ya mng'ao huo. Kipimo kimoja hutoa mamia ya picha, na mtaalamu wa radiolojia huwa na wagonjwa wengi wanaosubiri picha zao zisomwe. Programu huzipitia picha mara tu zinapoingia, na ikishuku bonge humpandisha mgonjwa huyo juu ya orodha na kutuma ujumbe kwenye simu za madaktari. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu programu ya namna hiyo ya kampuni ya Aidoc mwaka 2019, tena kwa kazi ya kupanga foleni na kutoa taarifa, si kwa kutamka ugonjwa.

Ujumbe huo ungekuwa na faida ndogo kama usingemkuta mtu aliye tayari. Madaktari mliowaona huenda ni wa kikosi cha dharura cha maradhi haya, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2012 katika Massachusetts General Hospital ya Boston, jirani zenu, na ambao umeenea katika hospitali nyingi. Daktari wa moyo, wa mapafu, wa dharura na wa kuingiza mirija kwenye mishipa hushauriana kwa wakati mmoja, kwa sababu uamuzi wenyewe ni mgumu: wagonjwa wengi hutosheka na dawa za kuzuia damu kuganda, kama heparini, lakini yule ambaye shinikizo la damu limeporomoka huenda akahitaji dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo yenyewe inaweza kusababisha kuvuja damu hata kwenye ubongo. Zipo programu zinazopima pia kama upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa kusukuma damu dhidi ya kizuizi. Kipimo hicho huwasaidia madaktari kupima hatari, lakini anayebeba dhamana ya dawa ni binadamu.

Kuhusu kunyamaza: programu hukosea pande zote mbili. Mgonjwa akitikisika au dawa ya mng'ao ikichelewa, inaweza kuona bonge lisilokuwapo; na mabonge madogo katika matawi ya mbali ya mishipa huweza kuipita. Kwa hiyo kila picha, yenye alama na isiyo na alama, lazima isomwe na mtaalamu. Binafsi ninachokihofia zaidi ni daktari aliyechoka kuuchukua ukimya wa kompyuta kama jibu. Hata hivyo sitaki kuidharau, kwani mahali ambapo naiona ina thamani kubwa ni kwa mgonjwa, tuseme wa saratani, aliyepigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine kabisa. Bonge lake halikutarajiwa na mtu, na picha yake ingeweza kukaa hadi kesho bila kusomwa.

Jambo moja linabaki nje ya uwezo wake wote. Programu haioni chochote mpaka mtu ashuku na kumpeleka mgonjwa kwenye CT, na saa nyingi hupotea kabla ya hapo, nyumbani na kwenye mapokezi. Basi mumeo akipata tena pumzi fupi ya ghafla, kichomi kinachozidi anapovuta hewa, kuzimia, kukohoa damu au kuvimba mguu mmoja, piga 911 papo hapo, na mwambie wa kwanza kukupokea mambo matatu: aliwahi kupata bonge la damu mapafuni, tarehe aliyopasuliwa goti, na jina la dawa anayotumia ya kuzuia damu kuganda pamoja na saa aliyoimeza mara ya mwisho.