Maswali ya wasomaji: Siku nne Maskati na mama

SWALI: Dada, shikamoo. Desemba nampeleka mama yangu Maskati, Oman, kumwona mdogo wangu anayefanya kazi huko. Mdogo wangu yuko kazini kutwa, kwa hiyo siku nne tutazunguka wenyewe. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tuanzie wapi? Na ni kweli Kiswahili kinasemwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Desemba mmechagua vizuri, joto limekwisha. Mimi mara ya kwanza nilimtembeza shangazi yangu mwezi wa Juni, saa nane mchana, tukarudi hotelini naye hawezi hata kusema. Hata wakati wa baridi, shika ratiba ya wenyeji: asubuhi mapema, kisha pumzikeni, mtoke tena baada ya Alasiri.

Maskati si mji mmoja. Ni vijiji vya zamani vilivyotenganishwa na milima ya mawe, sasa vimeungwa kwa barabara kuu. Ukikaa upande wa majumba mapya ya biashara, utaiona ndani ya gari tu. Kaeni Matrah, karibu na bandari. Hapo kuna njia pana ya miguu kando ya bahari, imenyooka, haina mlima, na ina viti vya kukalia. Mama atatembea kidogo, atapumzika, ataendelea.

Asubuhi ya kwanza mpeleke soko la samaki palepale Matrah. Mwanamke wa Tanga hahitaji kuelezwa nguru wala jodari, na nakuhakikishia atauliza bei. Jioni ingieni sokoni Matrah. Soko hufungwa mchana, hufunguliwa tena kama saa kumi. Vichochoro vyake vimeezekwa, ndiyo maana wenyeji wa zamani huliita soko la giza. Nunua ubani wa Dhofar, mkoa wa kusini mwa Oman: ule mweupe unaoelekea kijani ndio bora. Bei patana. Rial moja ina baisa 1,000, na ni kama dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo rial tano unayoiona ndogo si ndogo hata kidogo.

Kuhusu Kiswahili: ndiyo, kinasemwa, na kwa lafudhi ya Unguja. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na familia nyingi zilikaa huko vizazi. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi walikimbia, na Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Nilipokuwa nachagua kofia za viua, nikimnong'oneza shangazi kwamba ni ghali, mzee mwenye duka akanijibu, "Mwanangu, hiyo imeshonwa kwa mkono, wa wapi wewe?" Tulikaa pale mpaka Magharibi ikatukuta. Lakini mambo ya 1964 msiyaulize ninyi. Wapo waliozika ndugu huko. Mwenye kutaka kusimulia ataanza mwenyewe.

Maskati ya kale ni mwendo mfupi wa teksi kutoka Matrah. Mtaona kasri ya Al Alam kwa nje, na juu ya majabali ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani. Wareno waliuteka mji mwaka 1507, wakafukuzwa 1650. Nusu siku inatosha.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, uupe muda. Wasio Waislamu huruhusiwa saa mbili hadi saa tano asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Kama mama anataka kuswali, upo ukumbi wa wanawake. Zulia la ukumbi mkubwa lilifumwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne, lina uzito wa tani 21. Eneo ni kubwa mno, kwa hiyo omba kiti cha magurudumu, wala usione haya.

Nje ya mji utasikia watu wakisifia Wadi Shab, bonde lenye maji kati ya milima. Kwa mama, hapana: ni kutembea juu ya mawe, kisha kuogelea. Nendeni Nizwa siku ya Ijumaa, karibu kilomita 160. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri mkute mnada wa mifugo. Mbuzi wanazungushwa kwenye duara, wanunuzi wamekaa pembeni, wanashika mbuzi meno na kubishana bei. Mama akae kivulini atazame, wewe panda mnara wa ngome.

Njiani mkirudi usiku mtaona moshi wa nyama inayochomwa kando ya barabara. Nyama hiyo wanaiita mishkak. Ni mishikaki ileile, simamisheni gari mpate kula.

Halwa ya kurudi nayo Tanga nunueni siku ya mwisho, ingali ya moto. Haihitaji friji.