Ushauri wa ugavi Lubumbashi: tawi, kampuni, au kubaki Dar?

Swali: Kampuni yetu ya ushauri wa ugavi ipo Dar es Salaam, tuko watu tisa. Mgodi mmoja wa shaba karibu na Kolwezi unataka tuuchambulie njia yake ya kuingiza mizigo kupitia bandari ya Dar. Wasafirishaji wawili wa hapa, wenye malori kwenye njia hiyohiyo, nao wanatuhitaji. Mwanasheria anashauri tusajili tawi Lubumbashi kwa kuwa ni rahisi kuliko kampuni. Tuanze hivyo? Na bei tuipangeje?

Jibu: Msianze na tawi. Tazameni kwanza nani analipa ankara na analipa kutoka wapi, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu kingine.

Wasafirishaji wanalipa kutoka Dar. Mkataba wao ni wa Tanzania hata kama sehemu ya data inatoka Kongo, na hauhitaji usajili wowote huko. Anayevuka kwenda kukusanya data awe na viza inayoruhusu shughuli hiyo, basi. Hii ndiyo kazi ya kuanza nayo, maana data mtakayoipata ndiyo mtakayoihitaji baadaye kwa mgodi.

Mgodi ni habari nyingine. Kongo ina Sheria Na. 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inayotenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani na makao yake makuu yako nchini humo. Msimamizi wake ni mamlaka iitwayo ARSP, na huduma zinazouzwa migodini ziko machoni pake. Tawi la kampuni ya Dar ni kampuni ya Dar: mtaji wake haubadiliki kwa kupata anwani Lubumbashi. Zaidi ya hapo, Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria ya makampuni ya OHADA inataka tawi la kampuni ya kigeni ligeuzwe kuwa kampuni ya ndani katika miaka miwili, isipokuwa mkipewa msamaha. Mtalipia usajili mara mbili, na katikati bado hamtakuwa na sifa ya kupewa kazi.

Mlango uliopo ni huu. Pale utaalamu unaotakiwa haupatikani kwa kampuni ya Kikongomani, sheria inaruhusu kutumia kampuni ya kigeni kwa kazi isiyozidi miezi sita, mradi mamlaka ya sekta ijulishwe mapema. Uchambuzi wa njia unatosha ndani ya miezi minne. Mwenye wajibu wa kujulisha ni mgodi, ila msipande ndege kabla hamjapata nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Ikija kazi ya kudumu, kwa mfano kusimamia ugavi wao mwezi kwa mwezi, hapo ndipo mfungue SARL (kampuni ya ndani yenye dhima ya ukomo) na mshirika Mkongomani mwenye asilimia 51.

Kuhusu huyo mshirika: katika SARL, kubadili katiba ya kampuni kunahitaji robo tatu ya mtaji, kwa hiyo ninyi wenye 49 mnaweza kuzuia. Lakini meneja huteuliwa na kuondolewa kwa zaidi ya nusu, yaani mwenye 51 anaweza kumwondoa mtu wenu peke yake. Wengi huligundua hili wakiwa wamechelewa. Wekeni ndani ya katiba yenyewe, si kwenye makubaliano ya pembeni, mipaka ya meneja: kiasi cha juu cha malipo, sahihi mbili benki, mikopo kwa idhini ya wanahisa wote. Na msikodishe jina la mtu asiyefanya kazi yoyote. Mbali na kuwa ni kuikwepa sheria, siku atakapoamua kwamba kampuni ni yake, karatasi zitamuunga mkono.

Bei. Malipo ya huduma kwa kampuni ya kigeni isiyo na makazi ya kikodi Kongo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 14, na Tanzania na Kongo hazina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili. Mkitaka dola 10,000 zifike mkononi, kosa la kawaida ni kuongeza asilimia 14 na kuandika 11,400. Baada ya makato zitabaki 9,804. Gawanyeni kwa 0.86: ankara iwe dola 11,628. Mkataba utamke kwamba mteja atawapa uthibitisho wa kodi aliyoilipa. Bila karatasi hiyo, TRA haina msingi wa kuwapunguzia kodi yenu ya hapa kwa kiasi kilichokatwa kule.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo washauri wengi huuza hewa. Chukueni mizigo 40 iliyokwisha kufika, si wastani wa kuambiwa. Kwa kila mmoja andikeni tarehe na saa za hatua hizi: kontena kushuka melini, TRA kuachilia, lori kutoka getini, kuingia Tunduma (mpakani upande wa Tanzania), kutoka Nakonde (upande wa Zambia), kufika Kasumbalesa (mpaka wa Zambia na Kongo), forodha ya Kongo (DGDA) kuachilia, kushusha mgodini, na kontena tupu kurudi. Saa za njiani zinatoka kwenye GPS za wasafirishaji wenu wawili. Za nyaraka ziko kwa mawakala wa forodha. Mkisikia wakala hana kumbukumbu, tayari mmepata sehemu ya jibu.

Halafu ongezeni safu moja ambayo wengi huiacha: siku nyaraka za Kongo zilipokamilika. Nazungumzia FERI (fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia) ya OGEFREM, shirika la serikali ya Kongo linalosimamia usafirishaji wa mizigo, leseni ya kuingiza bidhaa ya mfano IB iliyopitishwa na benki, na cheti cha ukaguzi pale kinapohitajika. Mgodi utawaambia lori lilikaa Kasumbalesa siku sita kwa sababu ya foleni. Ikiwa nyaraka zilikamilika siku ya tano, foleni ilikuwa siku moja. Siku nyingine ni za ofisini, na huenda chanzo ni uzito wa kwenye FERI kutolingana na wa kwenye bili ya ledingi (hati ya mzigo ya meli). Hiyo hurekebishwa meli ikiwa bado baharini, bila kujenga barabara wala kumbembeleza ofisa yeyote.

Wastani usiwapumbaze. Pangeni siku kutoka chache hadi nyingi. Mzigo wa 36 kati ya 40 ndio unaoonyesha mgodi uweke akiba ya vipuri ya siku ngapi. Mizigo minne ya mwisho ichambueni mmoja mmoja, dimareji (tozo ya kuchelewesha kontena) nyingi imo humo.

Kiswahili kitawatosha kwa madereva na mawakala wa Kasumbalesa na Lubumbashi. Mkataba, ankara na barua kwa mamlaka ni Kifaransa, kwa hiyo bajeti iwe na mfasiri wa sheria tangu siku ya kwanza, na mkifika hatua ya SARL, mhasibu wa huko anayejua vitabu vya OHADA. Malipo yenu gawanyeni mapema: asilimia 40 kwa kusaini, 40 mkikabidhi jedwali la data, 20 kwa ripoti. Mkiiacha sehemu kubwa isubiri ripoti, itasubiri pia mjadala wa idara tatu za mgodi kuhusu nani alaumiwe.