Shangazi, mume wangu anataka nichague kasha moja tu

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mwezi ujao tunahamia nyumba ndogo zaidi, na mume wangu ameniwekea sharti: katika makasha yangu saba nichague moja, mengine yaondoke. Ndani mna kanda za video za mieleka nilizorekodi kwenye televisheni, DVD na CD za kununua, kaseti kama ishirini za sauti za ndege nilizorekodi mwenyewe tangu nikiwa msichana, kadi nilizotumiwa na vituo vya redio vya masafa mafupi, na santuri za marehemu baba ambazo sina hata mashine ya kuzipigia. Yeye huviita vyote makorokoro. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sina wa kumshirikisha. Kazini walipojua napenda mieleka walicheka. Nilipotaja ndege wakacheka zaidi. Siku hizi nasikiliza kwa visikizi. Nikiwasha mieleka, mume wangu huja kusimama mlangoni dakika kumi nzima, halafu husema alikuwa anatafuta chaja. Je, nina kasoro? Na nianzie wapi?

Mama wa Makasha

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna, hilo tulimalize hapa hapa. Mimi mieleka hainiingii kabisa, lakini hiyo si kesi yako.

Mumeo ana haki juu ya nafasi. Nyumba ikipungua, vitu navyo vipungue, na nimesoma barua yako mara mbili sikuona mahali unapokataa. Alipokosea ni kwenye kipimo. Anahesabu makasha, wakati kasha la DVD na kasha la kaseti zako vinafanana kwa ukubwa tu. Filamu ya dukani ilitolewa nakala nyingi. Ukiachana na yako leo, kesho utaipata kwingine. Ndege uliyemrekodi alfajiri ukiwa msichana yumo kwenye kaseti moja tu duniani, na hiyo kaseti inazeeka humo kashani. Basi usichague kasha. Shika kitu kimoja kimoja, ujiulize: hiki kikipotea, nitakipata tena? Swali la kama unakipenda liache kwanza, maana kwa mtu kama wewe jibu litakuwa ndiyo kwa kila kitu na mwezi utaisha bado umekaa sakafuni.

Vinavyopatikana tena ndivyo vitoke mbele, na vitoke wiki hii hii. Nasisitiza wiki hii kwa sababu ya mumeo. Mtu akiona makasha mawili au matatu yameondoka kweli, anaamini, na hapo unaweza kumwomba muda zaidi kwa yale yanayohitaji muda. Ukianza kwa kuomba muda, ataona unamzungusha.

DVD na CD za kununua hazina kazi kubwa. Zile unazozirudia kila mwaka zibakize, kwa sababu huduma za kutazama filamu mtandaoni huweka filamu kwa leseni, na leseni ikiisha filamu huondolewa bila wewe kuulizwa. Zitakazobaki zitoe kwenye makasha yao ya plastiki. Kasha la DVD lina unene wa karibu milimita 14, diski yenyewe ni milimita 1.2, kwa hiyo muda wote huu umekuwa ukihifadhi plastiki na hewa. Tia diski na karatasi ya jalada kwenye albamu yenye mifuko laini, na filamu zilizokuwa zimejaza rafu zitaingia kwenye mkoba mmoja. Ukizishika, shika ukingoni. Watu huogopa kugusa upande unaong'aa wa CD, kumbe upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, maana tabaka la alumini liko chini kidogo tu ya wino. Mkwaruzo wa huko haurekebishiki. Na kama kuna CD ulizojirekodia kwenye kompyuta, hizo zitenge. Zinatunza data kwenye rangi maalumu inayofifia kwa mwanga na joto, hivyo zinakiliwe mapema.

Sasa kanda, na hapa tukae kidogo.

Kaseti za sauti zilianza mwaka 1963, kanda za VHS mwaka 1976, na kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Maana yake ni kwamba deki yoyote utakayoipata leo ni ya zamani, na kila mwaka zinapungua zilizo nzima. Kanda inaweza kuwa salama kabisa ukakosa cha kuichezea. Kwa hiyo kwenye kunakili kanda zitangulie, diski za dukani utakazobakiza zina subira.

Kabla ya kuiweka kaseti kwenye mashine, itazame kwenye mwanga kupitia kile kidirisha. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Usiipige, itachafua mashine na kaseti zitakazofuata. Itenge, umpelekee fundi. Iliyo safi, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vya mgongoni ili usije ukarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, ili utepe uliokaa miaka bila kuguswa ulegee na ukae sawa. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba yenye spiriti, ngoja kikauke. Hapo sasa unganisha mashine na kompyuta kwa waya wa sauti, fungua programu ya kurekodi (Audacity ni ya bure na inatosha sana), uanze.

Hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90. Ishirini za urefu huo ni saa 30, na hiyo ndiyo hesabu ya kumwekea mumeo mezani unapoomba muda. Hifadhi nakala kuu katika faili za aina ya WAV au FLAC, ambazo hazipunguzi ubora wa sauti. MP3 tengeneza baadaye, za kuwatumia watu. Uwe na nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yenu. Na kabla hujafunga faili, andika tarehe, mahali na ndege gani, hata kama unachokumbuka ni mwaka na upande wa mto. Mali bila daftari hupotea bila habari. Faili ishirini zenye majina ya namba tupu ni kasha jingine tu, safari hii limo ndani ya kompyuta.

Kanda za mieleka je? Nyingi zitakuwa ni vipindi vilivyorushwa kwa watu wengi, lakini za nyumbani zina tabia ya kuficha mambo: tangazo la zamani, taarifa ya habari, mtoto wako akipita mbele ya kamera. Zipitie haraka, bakiza zenye kitu chako. Usizipandishe mtandaoni, haki za vipindi vile zina wenyewe.

Tuje kwenye upweke wako. Nadhani unatafuta mtu mmoja wa kupenda mieleka, ndege na redio kwa pamoja, na kwa sababu humpati unajiona kituko. Huyo mtu mwache. Kila kitu kitafutie mtu wake.

Ndege wako wana watu tayari. Kuna mkusanyiko wa hiari unaoitwa xeno-canto, ulioanzishwa mwaka 2005, ambako watu wa dunia nzima huweka sauti za ndege walizorekodi, wataalamu kwa wapenzi wa kawaida. Wanahitaji yale yale niliyokwambia uandike: tarehe, mahali, aina. Ndege usiyemjua unaweza kumweka kama fumbo, wengine wakakusaidia kumtambua. Kaseti ya zamani yenye tarehe ni ushahidi kwamba ndege fulani alikuwa mahali fulani, na pengine leo hayupo. Na waliokucheka kazini hawajui kwamba rekodi ya kwanza inayojulikana ya sauti ya ndege ilifanywa mwaka 1889 na mtoto wa miaka minane, Ludwig Koch, huko Ujerumani, kwa mashine ya nta. Alikuwa na ndege wake wa kufugwa, akamrekodi. Hukuanza wewe.

Kadi za redio, mwanangu, usithubutu kutupa hata moja. Kwa wasomaji wasiozijua: msikilizaji alikuwa akikiandikia kituo, anataja saa, masafa na alichokisikia, nacho kikithibitisha kinamtumia kadi, nayo huitwa QSL. Baadhi ya vituo hivyo vimenyamaza. Uholanzi na Kanada ziliacha masafa mafupi mwaka 2012, Radio Australia ikaacha mwaka 2017. Kadi yako ni hati kwamba walisikika, mahali ulipokuwa, usiku ule. Zote zinaenea kwenye albamu moja nyembamba kuliko kitabu cha hadithi. Mumeo akililia nafasi ya albamu hiyo, nitakuja mwenyewe.

Huyo bwana naye. Mtu anayetafuta chaja dakika kumi mlangoni pa mieleka hatafuti chaja. Sijui kinachomzuia kukaa; huenda ameshaviita makorokoro na sasa anaona haya kugeuka, huenda anaona una visikizi na mlango umefungwa. Vua visikizi, sogea kwenye kiti. Usimwelezee historia ya wapiganaji wote. Nimeona wapenzi wa vitu wakiwaudhi watu kwa njia hii moja: mgeni anaonyesha udadisi kidogo, wao wanamtolea kasha zima, sawa na kumkaribisha mtu chakula ukamtengea sufuria. Weka pambano moja fupi, likiisha zima. Wale wa kazini hivyo hivyo: anayeuliza kuhusu ndege, mtumie sekunde thelathini za sauti asubuhi, umwulize anadhani ni nani. Atakayejibu ndiye wako. Asiyejibu usimtumie tena, wala usimkasirikie.

Santuri za baba nimeziacha mwisho makusudi. Hukuniambia kama unazipenda. Umesema tu huna mashine. Nahisi huzipendi sana na unaona ni dhambi kulisema. Si dhambi. Ulimpenda baba, si lazima upende muziki wake. Ila usizitoe kwa kupata nafuu ya haraka. Piga picha majalada yote, mbele na nyuma, hasa aliyoandika jina lake au tarehe. Halafu wapigie ndugu zako kabla ya kutoa hata moja, maana huenda yupo aliyezitamani tangu msiba na akasita kuomba. Wakati zinasubiri, zisimamishe wima mbali na jua, usizilundike zikiwa zimelala. Zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika aghalabu ni za shelaki: zikianguka zinapasuka, na spiriti inaziyeyusha, kwa hiyo ile pamba ya kaseti isizikaribie. Bakiza moja, ile unayoikumbuka ikipigwa nyumbani. Zitakazokosa ndugu mpe mtu mwenye mashine, na umwombe akurekodie mbili tatu kabla hamjaagana.