Kabla hujaendesha jaribio lako la kwanza, weka pesa mezani

Jaribio langu la kwanza la uchumi lilikuwa dodoso tu. Niliwauliza watu wangechagua bahati nasibu ipi kati ya mbili, nao wakajibu kishujaa. Karibu kila mmoja alikuwa simba. Nikampelekea msimamizi wangu matokeo huku nikitabasamu, akaniuliza: "Kuna aliyepoteza chochote?"

Hakuna. Ndiyo maana walikuwa simba.

Wanauchumi Charles Holt na Susan Laury walilionyesha hilo vizuri mwaka 2002. Mshiriki hupewa orodha ya chaguo 10. Upande mmoja ni bahati nasibu tulivu, dola 2.00 au 1.60, upande wa pili ni ya roho ngumu, dola 3.85 au senti 10. Kadiri unavyoshuka, uwezekano wa kupata kiasi kikubwa unaongezeka, na mtafiti hutazama mtu anahamia upande wa pili wapi: anayechelewa kuhama ndiye mwangalifu zaidi. Walipozidisha malipo mara 20, 50, hadi 90, kwa pesa taslimu, watu walizidi kuwa waangalifu. Pesa zilipokuwa za kufikirika, kuzidisha hakukubadili kitu cha maana.

Kwa hiyo lipa. Bajeti ikiwa ndogo, mwishoni chagua uamuzi mmoja kwa bahati nasibu na ulipe huo tu, mradi washiriki walijua utaratibu tangu mwanzo.

Kosa langu la pili lilinigharimu zaidi. Baadhi ya washiriki walihamia upande wa pili, wakarudi, wakahama tena. Nikaanza kuwaandikia nadharia, masikini, kumbe hawakuelewa maelekezo! "Asilimia 30" haikuwaambia kitu. Siku hizi naweka mipira 3 myekundu na 7 myeupe ndani ya mfuko, mtu anaona kwa macho yake, kisha anajibu maswali machache ya kupima uelewa kabla hatujaanza.

Kwenye majaribio ya ushirikiano, chunga sana maneno. Varda Liberman, Steven Samuels na Lee Ross walichezesha mchezo uleule, ambao kila mchezaji huchagua kushirikiana na mwenzake au kujinufaisha peke yake, kwa majina mawili. Ulipoitwa Mchezo wa Jamii, takriban theluthi mbili walishirikiana. Ulipoitwa Mchezo wa Wall Street, mtaa wa mabepari wa fedha kule New York, takriban theluthi moja. Mimi karatasi yangu ilikuwa na kichwa "Mchezo wa Kusaidiana". Nilikuwa nimewapa jibu kabla ya swali.

Tena usiishie raundi moja. Katika mchezo wa mfuko wa pamoja, ambao kila mtu huamua achangie kiasi gani kwenye mfuko unaozidishwa kisha kugawanywa sawa kwa wote, watu huanza kwa kuchangia karibu nusu ya walichopewa, halafu michango hushuka raundi baada ya raundi. Wengi si wabinafsi. Wanachangia wenzao wakichangia, na wakimwona mdandiaji, yaani anayefaidi bila kuchangia, wanakunja mkono. Ernst Fehr na Simon Gächter waliporuhusu washiriki kuadhibiana, hata kwa gharama ya anayeadhibu, michango ilipanda. Ukicheza raundi moja, hadithi yote hiyo inakupita.

Utashawishika pia kudanganya kidogo, kwa mfano kuweka kompyuta na kusema ni mtu. Wanauchumi wa maabara hawalikubali hilo, kwani mshiriki akishagundua, hataamini jaribio lolote linalofuata. Nilibakiza hatua moja tu nifanye hivyo, siku ambayo washiriki hawakutimia. Nikaahirisha kikao, kwa shingo upande. Wiki iliyofuata kijana mmoja alipokea malipo yake, akasita mlangoni, akauliza: "Yule mwenzangu alikuwa mtu kweli?"

Nikamjibu ndiyo.