Kabla ya kuchagua chuo, chagua aina ya shahada

Wengi wanaotaka kuendelea na masomo ya juu katika historia, lugha, sosholojia au siasa huanza kwa kusaka jina la chuo. Anza na aina ya shahada, maana ndiyo inayoamua utume nini, usome miaka mingapi na nani alipe.

Uzamili (shahada ya pili) wa kozi una madarasa, insha na mradi mdogo mwishoni. Unamfaa anayerudi kazini. Uzamili wa utafiti hauna madarasa mengi. Mzigo wote uko kwenye tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wako. Mwenye nia ya uzamivu (shahada ya udaktari, PhD) achukue huu, au wa kozi wenye tasnifu ya maana. Wanaochuja maombi ya uzamivu mara nyingi huomba sampuli ya maandishi, na aliyemaliza kwa mitihani na ripoti fupi hujikuta hana cha kuwapelekea.

Uingereza, uzamili wa kozi kwa kawaida ni mwaka mmoja, na tasnifu huwa ya maneno 10,000 hadi 15,000 hivi. Mwaka huo una mtego. Masomo huanza Septemba au Oktoba, na maombi mengi ya ufadhili wa uzamivu hufungwa kati ya Desemba na Januari, kabla hujawa na alama za kuonyesha wala mwalimu anayekufahamu vizuri. Ama uje na pendekezo la utafiti tayari, yaani andiko la swali utakalochunguza na namna utakavyolichunguza, ama ukubali kukaa mwaka mmoja katikati. Kwingi Ulaya bara uzamili ni miaka miwili, na kwa anayehitaji kujifunza lugha ya nyaraka zake, mwaka huo wa pili una faida kubwa.

Kwenye uzamivu tofauti ni kubwa zaidi. Marekani unaweza kuingia ukiwa na digrii ya kwanza tu: kozi kama miaka miwili, mitihani mikubwa, ndipo tasnifu. Hesabu miaka mitano hadi saba, mara nyingine zaidi. Programu nyingi zenye uwezo husamehe ada na kutoa posho, nawe unafundisha. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne na utafiti unaanza mara moja, hivyo pendekezo lina uzito mkubwa. Sweden, Norway na Denmark nafasi nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Hapo soma tangazo neno kwa neno na ujibu kinachoulizwa. Uzamivu wa kujilipia katika fani hizi siushauri. Mishahara ya baadaye ni nadra kurudisha gharama hiyo.

Sasa pendekezo lenyewe, maana ndipo wengi wanapokwama. “Uhamaji na utambulisho” ni mada, bado si swali. Libane: “Wafanyakazi wahamiaji waliandika nini kuhusu fedha katika barua walizopeleka nyumbani, 1945 hadi 1960?” Sasa kuna watu, kipindi na chanzo. Kisha jiulize kwa ukali: barua hizo zipo wapi, ni ngapi, zinaruhusiwa kusomwa, ziko kwa lugha gani? Usipoweza kujibu, badilisha swali mapema. Kama utahoji watu walio hai, weka miezi kadhaa ya kusubiri kibali cha maadili ya utafiti. Ratiba isiyotaja kibali humwonyesha msomaji kwamba hujawahi kwenda uwandani. Na sehemu ya maandiko yaliyotangulia isiwe orodha ya nani alisema nini. Onyesha wanabishana wapi na wewe unaingilia wapi.

Barua pepe kwa mwalimu unayetaka akusimamie isizidi aya tatu: swali lako, kazi yake moja uliyoisoma kweli na inavyohusiana na swali hilo, na kama anapokea wanafunzi mwaka ujao. Ambatisha muhtasari wa kurasa mbili. Barua ileile iliyopelekwa kwa walimu arobaini hujulikana kwa mstari wa kwanza, tena wenye ofisi jirani huonyeshana.

Neno “ufadhili” nalo lichunguze. Upo unaofuta ada tu, ukakuacha na kodi ya nyumba, bima na nauli ya kwenda kwenye nyaraka. Uliza kwa maandishi: posho ni ya miezi 9 au 12, na inaendelea mwaka wa mwisho wa kuandika?

Wanaokuandikia barua za mapendekezo wape wiki sita, pamoja na pendekezo, matokeo yako na tarehe ya mwisho ya kila chuo. Mwalimu asiyepewa hayo huandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na barua ya namna hiyo haikusaidii kitu.